Yupo au Ipo? Upatanisho wa Kisarufi na Sura Zinazokaribia Utu

Mwaka 1970 Profesa Masahiro Mori wa Japani aliandika makala fupi iliyopata sifa baadaye. Alidai kwamba kadiri roboti ifananavyo na mtu ndivyo mtazamaji apendezwavyo nayo, mpaka kufanana kukaribie kukamilika. Hapo mapenzi huporomoka na mwili ukasisimka. Poromoko hilo alilifananisha na bonde. Mfano wake ni mkono wa bandia: kwa macho ni wa mtu, lakini ukiushika ni wa baridi. Bondeni humo aliiweka maiti, na chini yake zaidi maiti itembeayo.

Wazo hili lapimika vema kwa Kiswahili, maana lugha hii humlazimisha msemaji kukata hukumu katika kila sentensi. Chenye uhai, mtu au mnyama, hupata kiambishi a-. Kisicho nao hufuata ngeli yake. Kinachotazamwa si umbo. Sanamu, hata ikichongwa ikafanana na mtu kwa kucha na nyusi, huambiwa "imesimama". Sungura wa hadithi, pamoja na masikio yake marefu, huambiwa "amesema". Lakini wako wasemao "maiti amezikwa", na wako wasemao "maiti imezikwa". Sarufi yayumba palepale Mori alipochimba bonde lake.

Upungufu wa Mori ni kupima kufanana peke yake. Liko jambo la pili, nalo ni mapatano. Mtoto wa Ilomba, jijini Mbeya, akisema mwanasesere wake "amelala", hadanganyiki. Amempa uhai kwa hiari, na aweza kumnyang'anya. Ndivyo ilivyo kwa katuni za Ubongo Kids, zilizoanza Tanzania mwaka 2014, na Tinga Tinga Tales za mwaka 2010, zilizotengenezwa Nairobi kwa kufuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam. Wanyama wale wa rangi kali hawajifanyi kuwa wa kweli, wala hakuna asitaye kuwapa a-. Kinyume chake, filamu ya The Polar Express ya mwaka 2004 ilinakili kwa kompyuta mienendo ya waigizaji hai, na wahakiki wengi wakalalamika kwamba macho ya wahusika yalikuwa kama ya wafu. Filamu hiyo haikuiomba a-, iliidai.

Hata hivyo a- hupima uhai, haipimi utu. Walunda wa kaskazini-magharibi ya Zambia wana neno ilomba, nyoka wa uchawi mwenye uso wa bwana wake. Neno hilo lafanana na jina la Ilomba ya Mbeya, ingawa kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili moja. Nyoka huyo ana a- yake tayari; kitishacho ni uso wa mtu mahali pasipo mtu.

Suala hili si la darasani tu, kwani mashine za leo huzungumza Kiswahili. Katika hadithi, "roboti anasema" ni mapatano halali. Katika habari na vitabu vya elimu yafaa kuandika "roboti inasema". Vinginevyo mwandishi humkatia msomaji hukumu ambayo msomaji hajaitoa. Wahenga walisema mtu ni utu. Hawakusema mtu ni sura.