Kurejesha au Kuopoa? Uhakiki wa Istilahi za Nakala za Barua Pepe

Ofisa amefuta barua pepe asizokusudia kuzifuta, au sanduku lake la barua limeondolewa baada ya yeye kuhamishwa, na sasa barua zile zinahitajika. Fundi wa mitambo huiendea nakala iliyowekwa akiba na kuzitoa humo. Kazi hii imekuwa ya kawaida maofisini, na miongozo yake imeanza kutafsiriwa kwa Kiswahili. Katika makala haya tunakusudia kuzichunguza istilahi tatu zinazotumika katika miongozo ya aina hiyo, yaani kurejesha, kikasha na nakala rudufu, na kuonyesha zinapotosheleza na zinapopotosha.

Yafaa tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa istilahi haipimwi ila kwa dhana ambayo istilahi hiyo huiwakilisha. Seva ya barua pepe inaweza kulinganishwa na masjala. Katika mifumo kama Microsoft Exchange, masanduku ya watumishi wengi hutunzwa pamoja ndani ya hifadhidata moja. Kila mtumishi huliona sanduku lake tu, lakini kwenye diski yote yamo katika faili moja kubwa, na fundi anapoweka akiba kwa kawaida huinakili hifadhidata nzima. Katika mifumo mingine, ile inayofuata mtindo wa Maildir uliobuniwa na Daniel J. Bernstein katika miaka ya 1990, kila barua ni faili peke yake na kila sanduku lina saraka yake.

Tofauti hiyo ina matokeo makubwa. Katika Maildir, kulitoa sanduku moja katika akiba ni kunakili saraka moja. Katika hifadhidata ya pamoja, hapana budi hifadhidata ya zamani ifunguliwe pembeni, mahali ambapo watumishi hawaifikii. Kisha sanduku linalotakiwa litolewe humo na barua zake ziunganishwe na sanduku lililo hai. Exchange ya mwaka 2003 ilileta nafasi maalumu ya kufanyia kazi hiyo ndani ya seva ile ile, na toleo la mwaka 2010 likaweka mahali pake hifadhidata maalumu ya uokoaji.

Sasa na tuitazame sentensi moja katika mwongozo uliotufikia: "Rejesha hifadhidata kutoka nakala rudufu, kisha rejesha kikasha cha mtumiaji." Msomaji ataelewaje neno la kwanza? Kurejesha ni kukirudisha kitu mahali pake au katika hali yake ya awali. Fundi mwaminifu kwa Kiswahili chake ataichukua hifadhidata ya juma lililopita na kuiweka mahali pa hifadhidata ya leo. Kama hana daftari za miamala za kujazia siku zilizopita katikati, barua zote ambazo ofisi nzima ilizipokea katika siku hizo zitapotea. Kwa kutaka kumfaa mtumishi mmoja, atakuwa amewadhuru wenzake wote, na mfasiri hataweza kusema kwamba hakuhusika.

Kosa la mwongozo ule ni kulibebesha neno moja dhana mbili. Tunapendekeza kurejesha libaki kwa kitendo cha kuirudisha hifadhidata nzima au seva nzima mahali pake. Kwa kitendo cha kulitoa sanduku moja, au barua moja, kutoka akiba, tunalo tayari neno kuopoa. Ndoo ikitumbukia kisimani, mtu huiopoa ndoo. Hakisogezi kisima wala hayamwagi maji. Neno hili linabeba sifa zote mbili tunazozihitaji: kwamba kinachotolewa ni kitu mahususi, na kwamba mahali kinapotolewa hapabadiliki. Wapo watakaosema kuwa katika mazungumzo ya vijana kuopoa limekwisha pata maana ya kujipatia mchumba. Jambo hilo halitutishi. Maneno mengi ya ufundi yana maana nyingine barazani, na muktadha huyatenga.

Istilahi ya pili ni kikasha. Katika programu nyingi neno hili limezoeleka kwa mahali pa barua zinazoingia. Sanduku la barua ni pana zaidi: ndani yake mna kikasha, mna barua zilizopelekwa, mna rasimu na mna zilizofutwa. Mwongozo unaosema "kikasha" pale unapokusudia sanduku unamruhusu fundi kuziopoa barua ambazo ofisa aliandikiwa na kuziacha zile alizojibu. Katika shauri au ukaguzi, hiyo ni nusu ya jalada.

Istilahi ya tatu ni nakala rudufu. Rudufu yasema kwamba kitu kiko maradufu. Haisemi kwamba kimetengwa. Tarehe 27 Februari 2011 baadhi ya watumiaji wa Gmail walikuta masanduku yao matupu. Google ilieleza kwamba walioathirika walikuwa kiasi cha asilimia 0.02 ya watumiaji wote, na kwamba chanzo kilikuwa hitilafu katika programu ya uhifadhi. Kampuni hiyo ilikuwa na nakala za barua katika vituo zaidi ya kimoja, lakini hitilafu ilizifikia nazo. Barua zile zilirudishwa kutoka kanda za sumaku, ambazo hazikuwa zimeunganishwa na mtambo. Hapa pana dhana mbili. Nakala inayobadilika pamoja na asili yake tungeiita nakala pacha. Ile iliyotengwa, isiyofuata mabadiliko ya asili, ni nakala ya akiba. Wengine wametumia chelezo kwa dhana hii ya pili. Lakini kwa watu wa pwani chelezo ni boya, au mahali vyombo vinapopandishwa kutengenezwa, na hatuoni njia iliyo wazi ya kutoka huko hadi kwenye akiba.

Kwa mapendekezo haya, sentensi tuliyoihakiki ingesomeka hivi: "Fungua nakala ya akiba ya hifadhidata pembeni, kisha liopoe sanduku la mtumishi." Si ndefu mno kuliko ile ya kwanza, na fundi hawezi kuielewa vibaya kwa urahisi.

Tunawaomba wafasiri walio na miongozo ya namna hii mikononi waitazame upya kabla haijapigwa chapa, na walimu wa kompyuta watuarifu kama wanafunzi wao wanaipokea tofauti ya kurejesha na kuopoa. Iwapo lipo neno lifaalo zaidi katika lahaja au lugha nyingine ya nyumbani, tungependa kulipata pamoja na mifano ya matumizi yake.