Strima ikikwaruza, hesabu dakika kabla ya kuagiza kristali

Aliyejiundia strima ya kusikilizia redio za mtandaoni kwa Raspberry Pi na kibao kidogo cha kugeuza dijitali kuwa sauti, akaisikia ikianza kukwaruza na kukatakata, huwa ana mshukiwa mmoja tayari: saa ya mashine. Tuhuma hiyo inaeleweka. Sauti ya dijitali yote husimama juu ya mapigo ya saa, na wauzaji wa kristali za bei mbaya hawachoki kulikumbusha hilo. Ninachodai hapa ni kwamba saa husingiziwa mara nyingi kuliko inavyokosa, na kwamba ushahidi wa kuitia hatiani au kuiachia huru haugharimu chochote. Ushahidi huo ni muda unaopita kati ya hitilafu moja na inayofuata.

Mahali kama Ntobeye, kata ya wilaya ya Ngara, kosa la utambuzi lina gharama yake. Ngara ni nchi ya vilima, na FM haipindi kilima kirahisi. Aliye bondeni hupata vipande vya kituo ambacho mwenzake aliye juu anakisikia vizuri. Thamani ya redio inafahamika sana wilayani humo. Radio Kwizera ilianzishwa huko mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, mwaka mmoja baada ya watu wanaokadiriwa kufika 250,000 kuvuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24. Kwa aliye bondeni, kusikiliza kwa njia ya mtandao ni jibu la maana. Lakini kipuri cha kuagiza Mwanza au Dar es Salaam ni nauli na ni siku, na kikifika kisiponye, fundi amebaki palepale na pesa imekwenda.

Tuanze na kile ambacho saa inafanya kweli. Kati ya kompyuta ndogo na kigeuzi hupita nyaya tatu za mfumo wa I2S, uliotangazwa na Philips mwaka 1986: mmoja wa mapigo ya biti, mmoja wa kutenganisha kushoto na kulia, na mmoja wa data yenyewe. Sauti ya 44,100 kwa sekunde, kila chaneli ikipewa biti 32, inataka mapigo ya biti 2,822,400 kwa sekunde. Ya 48,000 inataka 3,072,000. Familia hizi mbili hazina ujamaa. Ile ya kwanza ni urithi wa kurekodi sauti kwenye mashine za video: mistari 245, mara nyanja 60, mara sampuli 3, unapata 44,100. Raspberry Pi za awali huchonga mapigo hayo kutoka kwenye chanzo cha megahezi 500, na 500 haigawanyiki sawasawa kwa 2.8224, jibu ni 177.15. Basi mgawanyo huruka kati ya 177 na 178 ili wastani utoke sahihi, na kila ruko hulisogeza pigo nanosekunde 2. Huo ndio mtikisiko unaoogopwa. Upo, unapimika, na si uzushi wa wafanyabiashara.

Swali ni kama unasikika. Benjamin na Gannon walipowapima wasikilizaji mwaka 1998, mtikisiko ulihitaji kufika makumi ya nanosekunde ndipo usikike ndani ya muziki. Ashihara na wenzake huko Japani, mwaka 2005, walitumia mtikisiko usio na mpangilio na wakakuta kizingiti cha nanosekunde mia kadhaa. Mbili ziko mbali na makumi, sembuse mamia. Tena la msingi zaidi ni hili: mtikisiko wa namna hiyo huongeza ukungu hafifu chini ya sauti, hauleti "tak" inayomshtua mtu kitini. Anayesikia mkwaruzo wa wazi na kuagiza kristali anatibu ugonjwa ambao dalili zake hazifanani na alizo nazo mgonjwa wake.

Zipo hata hivyo hitilafu za saa zinazosikika, na hapa ndipo hesabu ya dakika inapolipa. Kituo cha redio kina saa yake kwenye mashine ya kurushia, na strima ina yake. Tuseme zinapishana sehemu 50 kwa milioni, kiasi cha kawaida kwa kristali za bei ya chini. Kwa siku nzima yenye sekunde 86,400, tofauti hiyo ni sekunde 4.32. Strima ikienda mbio kuliko kituo na ikiwa na bafa ya sekunde 5, itaimaliza baada ya kama saa 28, itakwama kidogo, itajaza tena na kuendelea. Kwa hiyo kukwama kwa mara moja hivi kwa siku, kwa vipindi vinavyokaribiana urefu, kunanuka saa. Kukwama kila baada ya dakika 5 hakunuki saa hata kidogo: ili bafa hiyo iishe kwa dakika 5, saa mbili zingepaswa kuachana kwa sehemu 16,667 kwa milioni, na hakuna kristali nzima inayokosea hivyo. Ukitaka uthibitisho, weka faili la muziki kwenye kadi ya kumbukumbu ulicheze kwa saa moja bila mtandao. Faili halina saa ya pili ya kushindana nayo. Kigeuzi hujivutia sampuli kwa mwendo wake. Likipita safi, nyaya, kigeuzi na saa ya ndani vyote vimeondolewa lawama, na unabaki na mnara, bando au msongamano wa jioni. Likikwaruza, mtandao ndio ulioondolewa lawama, na pamoja nao ile nadharia ya saa mbili kuachana.

Kuna hali moja inayofanana na kosa la mtandao ilhali ni ya saa, au tuseme ni ya programu iliyoipa saa amri isiyo sahihi. Wanaotumia kibao cha ESP32 huandika 44,100 kwenye programu na kuisahau, kisha wanafungua kituo kinachorusha 48,000. Sauti hutoka polepole kwa asilimia 8 hivi, na kila dakika strima inabaki nyuma kwa karibu sekunde 5, hadi seva inachoka kuisubiri na kuikata. Vipindi ni vya dakika chache, kama vya mtandao mbovu. Kinachofichua siri ni mtangazaji: sauti yake imekuwa nzito, kama aliyeamshwa usiku. Asiyeliamini sikio lake acheze toni ya hezi 1,000 na kuiwekea simu yenye programu ya kupima toni. Ikisoma 919 au 1,088, familia mbili zimechanganywa na hakuna cha kununua.

Faili la kwenye kadi likikwaruza, shuku waya kabla ya saa. Mapigo ya biti yana kasi ya megahezi 3 tu, lakini kingo zake hupanda kwa nanosekunde chache, na waya wa jampa wa sentimita 20 usio na ethi kando yake huzirudisha kingo hizo kama mwangwi. Kigeuzi huhesabu pigo moja mara mbili, biti zote zinasogea, na badala ya muziki unapata mngurumo. Dalili yake ni kubadilika ukigusa au kusogeza waya. Fupisha nyaya, pitisha ethi sambamba nazo, weka rezista ya omu 33 upande wa mtumaji. Kwenye vibao vya PCM5102A liko pia kosa linalorudiwa kila mahali: pini ya SCK imeachwa ikielea. Kigeuzi hiki kinaweza kujitengenezea saa kuu kutokana na mapigo ya biti, ila sharti SCK iunganishwe na ethi. Isipounganishwa hudaka vurugu na kuidhania saa. Tone moja la risasi humaliza kesi.

Utaambiwa kwamba haya yanataka osiloskopu, na Ntobeye si maabara. Mita ya kawaida ya fundi inatosha kwa sehemu kubwa. Iweke kwenye volti za DC. SCK isome 0. XSMT, pini inayonyamazisha, isome 3.3. Waya wa kushoto na kulia usome karibu 1.65, kwa kuwa wimbi la mraba lililo juu nusu ya muda huonekana na mita kama nusu ya volti. Mapigo ya biti vilevile. Ukisoma 0 au 3.3 kamili kwenye nyaya hizo mbili, saa haipigi kabisa, na hapo tatizo ni usanidi au kiungo kilichoachia, si ubora wa kristali.

Umeme wa sola una sahihi yake nao. Waya mwembamba wa USB wenye omu 0.4 ukipitisha ampea moja hupoteza volti 0.4, na Pi iliyolishwa volti 5 inabaki na 4.6, chini kidogo ya 4.63 ambapo huanza kulalamika. Andika vcgencmd get_throttled. Jibu la 0x0 ni amani. 0x50005 maana yake umeme umepungua sasa hivi na mashine inajipunguza kasi. Mikwaruzo ya namna hii hufuata besi au hufuata usiku betri inaposhuka. Haijali kituo gani umefungua.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la anayesema alibadilisha kibao, akaweka chenye kristali mbili za megahezi 22.5792 na 24.576, na mikwaruzo ikakoma. Simkatalii matokeo, namkatalia sababu. Kibao hicho hukaa moja kwa moja juu ya pini za Pi, kwa hiyo nyaya za jampa ziliondoka. Kina udhibiti wake wa volti, kwa hiyo umeme ulisafishwa. Kilidai usanidi mpya, kwa hiyo kosa la zamani la programu lilifutwa. Vitu vinne vilibadilika kwa mkupuo na sifa ikapewa kimoja. Angefupisha nyaya kwanza, siku moja kabla, tungejua.

Hata pale ambapo saa ndiyo kiini hasa, kristali bora si dawa. Chukua strima mbili katika jengo moja, tuseme ukumbini na barazani, zikipokea mahubiri yaleyale. Kwa tofauti ya sehemu 50 kwa milioni, zitaachana milisekunde 20 ndani ya dakika 7, na mwangwi unazidi kukua. Zikipewa kristali zinazopishana sehemu moja tu kwa milioni, zitafika palepale baada ya saa tano na nusu. Ndiyo maana programu kama Snapcast haijaribu kufanya kristali ziwe sawa: hulinganisha saa za mashine kupitia mtandao wa ndani, kisha huongeza au kupunguza sampuli moja moja mahali ambapo sikio halioni, kwa vibao vilevile vya bei ya chini.