Mume Asiyelia: Mjadala juu ya Kesi ya Wallace

Ziko kesi ambazo hukumu yake imekwisha tolewa, mshtakiwa amekwisha kufa, na majaji wamekwisha kufa, na bado watu wanazibishania kana kwamba zilisikilizwa jana. Mojawapo ni ile ya William Herbert Wallace, wakala wa bima wa mji wa Liverpool, Uingereza, aliyeshtakiwa mwaka 1931 kwamba alimwua mkewe, Julia. Imeandikiwa vitabu vingi, na hata mabingwa wa hadithi za upelelezi wameijadili: Dorothy L. Sayers aliiandikia insha mwaka 1936, na P. D. James akairudia mwaka 2013. Makala haya hayakusudii kuongeza jina jingine katika orodha ya watuhumiwa. Nataka kuchunguza jinsi mwenendo wa mume yule ulivyosomwa, na kwa maneno gani. Maana naona kwamba kosa la wengi walioisimulia kesi hii lilikuwa kosa la lugha kabla ya kuwa kosa la sheria.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumatatu, tarehe 19 Januari 1931, Wallace alitazamiwa kucheza sataranji katika klabu yake, iliyokuwa ikikutana katika mkahawa mmoja katikati ya mji. Kabla hajafika, simu ililia pale. Mtu aliyejiita R. M. Qualtrough aliacha ujumbe kwamba Wallace afike kesho yake, saa moja na nusu usiku, nyumba namba 25 Menlove Gardens East, kwa shauri la bima. Kesho yake Wallace akaondoka nyumbani, akapanda tramu moja baada ya nyingine mpaka upande ule wa mji. Akaikuta Menlove Gardens North, akaikuta South, akaikuta na West. East haikuwapo. Akauliza wapita njia, akamwuliza askari polisi, akaingia duka la magazeti akaomba kitabu cha anwani. Yapata saa tatu kasorobo akawa amerudi kwake, mtaa wa Wolverton, akilalamika kwamba milango ya mbele na ya nyuma haifunguki. Majirani zake, Bwana na Bibi Johnston, walikuwa ndio wanatoka. Mbele ya macho yao akaujaribu tena mlango wa nyuma, nao ukafunguka. Julia alikutwa sakafuni katika chumba cha mbele, kichwa kimepondwa, na chini yake koti la mvua la mumewe, limeungua sehemu. Chombo kilichomwua hakikuonekana mpaka leo.

Tazama sasa yale yaliyosemwa juu ya mume. Konstebo wa kwanza kufika alieleza mahakamani kwamba Wallace alikuwa mtulivu kupita kiasi. Profesa MacFall, aliyeichunguza maiti, alisema kwamba mtu yule alikuwa mtulivu kuliko yeye mtaalamu mwenyewe, na kwamba alikuwa akivuta sigara. Wengine walikumbuka kwamba alimpapasa paka. Hayo yakaenea mjini, na mji ukaamua. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu aliyekuwa nguoni hata machozi hana!

Mwalimu wa Kiswahili akisoma ushahidi kama huu hana budi kusimama. Katika lugha yetu naweza kuieleza hali ile kwa njia tatu. Nikisema "alitulia," nimetaja lililoonekana. Nikisema "alijituliza," nimekwisha ingia moyoni mwake, nikaikuta dhoruba, nikamhurumia kwa kuizuia. Nikisema "alijitia utulivu," nimemtia hatiani. Jicho liliona jambo moja tu katika sentensi zote tatu: mtu ameketi, anavuta sigara. Mengine yote yameongezwa na ulimi. Kiambishi -ji- ni kidogo, lakini huweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi, kwa kuwa husema habari za nafsi ambayo hakuna shahidi aliyeiona. Na baadhi ya wanafunzi wetu huishia kuwa wakalimani mahakamani. Shahidi akisema kwa lugha yake neno lisilo na hatia wala utetezi ndani yake, ni mkalimani atakayechagua kitenzi, na jaji ataandika kile alichochagua.

Tena tukumbuke tunavyowalea wanaume wetu. Mwanamume akilia matangani mbele za watu, wazee humwambia, "Jikaze." Basi amejikaza. Yule aliyemwamuru jana ajikaze ana haki gani ya kuuliza leo kwa nini macho yake ni makavu? Wallace naye alikuwa na mafunzo yake. Alikuwa msomaji wa Marcus Aurelius, Kaisari wa Roma na mfuasi wa falsafa ya Wastoa, ambayo humfundisha mtu kutotikiswa na msiba. Na kwa falsafa hiyo ndivyo alivyoeleza utulivu wake. Waweza kumsadiki au kutomsadiki. Lakini yupo pia Bibi Johnston, na ushahidi wake nauona kuwa na uzito kuliko wa maofisa wote. Alisema kwamba Wallace, walipokuwa peke yao jikoni, alilia kwa kwikwi mara mbili, mikono kichwani, na kwamba watu walipojaa alijizuia. Ajabu ni kwamba ushahidi huu hutajwa kwa haraka katika masimulizi mengi, na ile sigara hutajwa kwa kirefu.

Hata hivyo watetezi wake nao hawana usafi hapa. Wengi wao hugeuza hoja ile ile na kusema: muuaji hodari angelilia ili aonekane amefiwa, basi kutolia kwake ni dalili ya moyo safi. Hoja hii ni pacha wa ile ya kwanza. Kama kulia ni hila na kutolia ni ukatili, au kama kulia ni uchungu na kutolia ni unyofu, machozi hayathibitishi kitu, na yafaa yaondolewe kabisa mezani.

Nikiyaondoa, nabaki na yapi? Hapa haifai kujipa raha, kwa maana yaliyobaki si mepesi. Ile simu ya Qualtrough ilipigwa kutoka kibanda kisichofika nusu kilomita kutoka nyumba ya Wallace, wakati ambao yeye mwenyewe angeweza kuwa njiani kwenda klabu. Halafu ule msako wa Menlove Gardens. Aliwasumbua makondakta wa tramu kwa maswali, akamweleza askari shughuli yake yote, akatazama saa yake mbele yake. Upande wa mashtaka ulisema kwamba huyu alikuwa akijiwekea mashahidi wa kuwa mbali na nyumba. Zaidi ya hayo, hakuwa mgeni kabisa upande ule: bwana mkubwa wake wa kazi aliishi Green Lane, karibu kabisa na pale, na Wallace alipata kwenda kwake kujifunza fidla. Usiku ule aligonga hata mlango wa bwana huyo, wala hakumkuta.

Nakiri kwamba mahali hapa pananikwaza kuliko pengine pote. Lakini nauliza: wakala wa bima aishiye kwa kugonga milango, aliyeahidiwa biashara na mtu asiyemjua, angefanya nini tofauti? Kujua nyumba moja katika kitongoji si kujua majina ya vichochoro vyote. Na mwenye kutunga ushahidi wa kuwa mahali pengine alihitaji mashahidi wawili watatu tu; waliosalia wote ni ziada, nayo ziada humtia mtu mashakani. Aliyekuwa mchezaji wa sataranji angelijua hilo, wasema watetezi. Lakini huko nako tunarudi kwenye kusoma moyo, na mimi nimekwisha kataa njia hiyo kwa upande mmoja. Siwezi kuipita kwa upande wa pili.

Kilichonisaidia ni saa. Mvulana mleta maziwa alisema na Julia mlangoni, akiwa hai, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasorobo. Dakika zenyewe zilibishaniwa sana. Saa moja na dakika sita Wallace alikuwa amepanda tramu mbali na nyumbani. Ukiondoa muda wa safari hiyo, yabaki machache mno ya kuua kwa mapigo mengi, kuficha chombo, kupanga ionekane kuwa ni wizi, na kutoka bila tone la damu mwilini wala nguoni. Upande wa mashtaka ulidokeza kwamba huenda alivaa lile koti la mvua juu ya mwili mtupu. Ni dokezo la mtunzi wa hadithi. Wala hawakuonyesha sababu yoyote ya mume huyo kumwua mkewe.

Sayers ndiye aliyeuona ugumu huu vizuri kuliko wengine. Anaonyesha kwamba karibu kila tendo la Wallace lakubali tafsiri mbili, na kwamba sheria huuliza kama mshtakiwa ametenda, ilhali mtunzi wa hadithi hutaka kujua, kama si yeye, ni nani. Tofauti hiyo ni ya thamani. P. D. James aliamua kwamba mume ndiye muuaji, na kwamba ile simu ilikuwa mzaha wa kijana mwingine. Kwa mtunzi hilo ni suluhisho zuri, kwani laziba matundu yote. Lakini laziba kwa kuunda hasira iliyofichwa ndani ya ndoa, yaani kwa kutuambia tena yaliyokuwa moyoni mwa mtu aliyekaa kimya. Msomaji hupendezwa, juri haikupaswa kupendezwa.

Juri ya Liverpool, yaani wale raia kumi na wawili, ilipendezwa. Jaji Wright, katika maelezo yake ya mwisho, alielekea wazi upande wa kumwachilia, lakini baada ya muda upatao saa moja walirudi na neno la hatia, na Wallace akahukumiwa kunyongwa. Katika Afrika Mashariki chini ya Waingereza, wazee wa baraza walitoa maoni tu, na jaji hakufungwa nayo. Huko Liverpool jaji hakuwa na njia ila kutamka adhabu. Mwezi wa Mei mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ya Jinai, chini ya Lord Hewart, iliifuta hukumu kwa kuwa haikuweza kusimama juu ya ushahidi uliotolewa. Wallace akarudi kazini, lakini watu walimkwepa. Alihama Liverpool, akaenda kuishi Bromborough, ng'ambo ya mto, akafa Februari 1933 kwa maradhi ya figo.

Mwalimu apendaye kuitumia kesi hii katika saa ya mjadala, nampa ushauri mmoja. Kabla ya kugawa pande mbili, awaandikie wanafunzi ubaoni: "Mume aliketi, akavuta sigara, akampapasa paka." Kisha kila mmoja aiendeleze kwa sentensi moja. Azikusanye, azisome kwa sauti bila kutaja majina, na darasa lihesabu ni vitenzi vingapi vinasema yaliyoonekana na ni vingapi vinasema yasiyoonekana. Mjadala wenyewe uanze baada ya hapo.