Fundi wa Simu Aliyegeuka Mwalimu wa Watawala

Kuna watu wanaojulikana kwa mali yao, na wengine kwa maneno yao. Leo twataka kupima kazi ya mtu mwenye vyote viwili, Bwana Mohamed Ibrahim, ambaye dunia humwita Mo Ibrahim. Pengine jina lake si mashuhuri hapa Bunia, lakini kazi yake tumeishika mkononi. Yeye ndiye aliyeanzisha kampuni ya Celtel, iliyofika katika Kongo yetu mwaka 2000. Baadaye iliitwa Zain, na tangu mwaka 2010 imo mikononi mwa Wahindi kwa jina la Airtel.

Bwana Ibrahim alizaliwa Sudani mwaka 1946, katika ukoo wa Wanubi, akakulia Misri. Alisomea ufundi wa umeme katika chuo kikuu cha Alexandria, akafanya kazi ya simu nchini mwake, kisha mwaka 1974 akahamia Uingereza. Huko alisoma Bradford, akapata udaktari Birmingham katika elimu ya simu zisizo na waya, akafundisha pia chuoni. Baadaye aliingia British Telecom, akawa mkuu wa ufundi wa Cellnet, tawi lao la simu za mkononi. Mwaka 1989 aliacha mshahara huo akafungua kampuni yake, MSI, ya kuwapa wengine shauri la ufundi. Mwaka 2000 aliiuza kwa bei inayozidi dola milioni 900. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Waingereza walimpokea mgeni, nao wakafaidi akili yake.

Lakini sifa yake kubwa yatoka Afrika. Alipoanza Celtel mwaka 1998, kampuni kubwa za Ulaya zilikuwa zikiiogopa Afrika: vita, umaskini, na wakubwa wenye kunyosha mkono wa rushwa. Yeye alifikiri namna nyingine. Maskini naye ana mama wa kumsalimu, ana mgonjwa wa kuulizia, ana mzigo wa kuuza. Atalipa kidogo kidogo, kwa kadi ndogo, kadiri ya uwezo wake. Waliopitia vita vya Ituri, vilivyoanza mwaka 1999, wanajua maana ya neno hili. Jamaa walitawanyika, mmoja Beni, mwingine Uganda, mwingine porini, na mara nyingi habari za uhai au za kifo zilichelewa miezi. Sauti ya ndugu katika simu si anasa kwa watu wa namna hiyo. Ni faraja.

Na juu ya rushwa? Bwana Ibrahim husema kwamba Celtel haikutoa hongo. Sisi hatukuwamo vyumbani mwao, lakini yafaa tuitazame kanuni waliyojiwekea: malipo yoyote yaliyozidi dola 30,000 yalipaswa kukubaliwa na halmashauri nzima ya kampuni. Tuone akili iliyomo humo. Mkubwa akija kumtisha meneja na kudai fedha, meneja hajibu kwa ushujaa mwingi. Husema tu kwamba hana ruhusa, na kwamba wenye ruhusa ni wengi nao wako mbali. Hivyo mtu mwenye moyo wa kawaida aliweza kuwa mwaminifu, hata akiwa peke yake mbele ya mwenye nguvu.

Mwaka 2005 Celtel iliuzwa kwa kampuni ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Wafanyakazi wenye hisa walipata sehemu yao, jambo la haki. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1991, alifundisha kwamba faida ina mahali pake halali, lakini si kipimo pekee cha kazi njema. Kwa kipimo hicho twamsifu Bwana Ibrahim, ingawa twasikitika kwamba nyumba iliyojengwa na mwana wa Afrika ilipita upesi hivyo mikononi mwa wageni.

Ndipo fundi akageuka mwalimu. Mwaka 2006 aliunda shirika lenye jina lake, ili kuchunguza namna Afrika inavyotawaliwa. Tangu mwaka 2007 shirika hilo hutoa hesabu ya utawala, likipima nchi kwa usalama, haki, afya, masomo na uchumi. Nchi yetu imezoea kuandikwa karibu na mkia. Twaumia kusoma hivyo, lakini daktari anayepima homa si adui wa mgonjwa. Kazi hii ni njema.

Kazi ya pili ndiyo inayotutia mashaka. Shirika hutoa tuzo kwa rais aliyechaguliwa kwa haki, akatawala vema, akatoka madarakani kwa muda uliowekwa na sheria. Fedha yenyewe ni dola milioni 5. Wa kwanza kupewa, mwaka 2007, alikuwa Bwana Joaquim Chissano wa Msumbiji. Mwaka 2017 akapewa Mama Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia. Mwenye tuzo ana hoja yake, na haki yadai tuiseme. Mtawala wa Ulaya akistaafu, hupata kazi za heshima na malipo ya kutosha. Mwenzake wa Afrika huogopa umaskini, na hofu hiyo humfunga kitini. Hoja hii ina kweli ndani yake.

Hata hivyo, Bwana wetu katika Injili ya Luka alitufundisha kwamba mtumishi aliyetimiza yote aliyoagizwa hana la kujivunia: amefanya tu lililompasa. Rais anayeondoka muda wake ukiisha amerudisha kitu cha watu. Je, tumlipe mtu mamilioni kwa kuwa hakuiba? Mwalimu wa kijijini akikosa mshahara wake miezi mingi, naye asiibe daftari la shule, ni nani anayemtafuta kumpa tuzo?

Tena tuzo humtazama mtu mmoja tu, na mtu mmoja hatoshi. Tuzo ya mwaka 2020 ilikwenda kwa Bwana Mahamadou Issoufou wa Niger, aliyemwachia kiti Bwana Mohamed Bazoum kwa njia ya uchaguzi. Mwaka 2023, mwezi wa Julai, wanajeshi walimpindua Bazoum. Hatusemi kwamba kosa ni la tuzo. Twasema kwamba wema wa mtu mmoja, hata ukitangazwa duniani kote, hauwi ukuta wa kuilinda nchi.

Jambo moja katika tuzo hii twalisifu bila kusita: miaka mingi haikutolewa, kwa maana hakuonekana wa kustahili. Mwaka 2009 ilikuwa mara ya kwanza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kukataa kusifu pasipo na sifa ni fundisho kubwa katika bara lililojaa nyimbo za kuwasifu wakubwa.

Basi, hukumu yetu ni hii. Bwana Ibrahim alifundisha vizuri zaidi alipokuwa mfanyabiashara kuliko alivyofundisha kwa tuzo. Tuzo ya dola milioni 5 yangoja mwisho wa safari ili kumshukuru mwema. Kanuni ya dola 30,000 ilimlinda mtu kila siku asiwe mbaya. Ile yahitaji tajiri. Hii yaweza kuwekwa na maskini.

Na hapa neno latugusa sisi. Mwaka 2021 jimbo letu la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na wengi tumezoea kungoja mkubwa mwema atoke mbali. Lakini sanduku la sadaka la jumuiya ndogo lahesabiwa na wangapi? Fedha ya wazazi shuleni yaandikwa katika daftari ambalo mzazi aweza kulifungua? Msaada wa waliokimbia vita wagawiwa mbele ya mashahidi? Tukiweka watu wawili watatu penye fedha ya wote, hatumtukani mtunza sanduku. Twamwondolea kishawishi, na twalilinda jina lake. Anayelelewa hivyo katika mambo madogo, siku akikalia kiti kikubwa, hatahitaji mamilioni ili ainuke.