Karani Asiyetajwa: Uhakiki wa Masimulizi ya Njama za Wakubwa katika Kianda

Mgawo wa tanzu za fasihi simulizi uliozoeleka katika vitabu vya Kiswahili, yaani hadithi, nyimbo, methali, vitendawili na jamaa zake, haujaupa nafasi utanzu mmoja ambao mijini husimuliwa pengine mara nyingi kuliko hizo zote. Utanzu huo ni masimulizi ya njama za wakubwa. Katika Kianda, kijiji kilicho upande wa magharibi wa Kibera, husikika kwa kinyozi, kwenye foleni ya maji na katika vibanda vya chai, na aghalabu msimulizi hutanguliza kauli ya kujikinga kwamba haya si maneno yake, ameyasikia tu. Msuko wake haubadiliki sana. Kiongozi fulani ametenda jambo lisiloeleweka: ametia saini mkataba mbaya, amemwachilia mtuhumiwa, amemgeuka rafiki yake ghafla. Sababu ni kwamba kuna mtu amemshika pabaya. Aliyemshika anaijua siri yake, na nyuma ya huyo aliyemshika limesimama dola kubwa linalotaka kitu kilichomo ardhini: mafuta, dhahabu, au siku hizi madini ya kuundia betri na simu.

Makala haya yanadai kwamba masimulizi ya aina hii yanastahili uhakiki wa kifasihi, na kwamba kasoro yake kuu ni ya uhusika. Yamejaa wahusika wakuu, wala hayana mhusika mdogo hata mmoja anayetenda. Kasoro hiyo si ya kisanaa tu.

Katika lugha ya kawaida kashfa ni jambo lililofichuka. Katika masimulizi ya njama kashfa ina thamani maadamu haijafichuka. Mwenye siri huitumia kama mkopeshaji atumiavyo hati ya deni. Akiitangaza, deni limekwisha, na aliyeshikwa yuko huru japo amefedheheka. Ndiyo maana taharuki ya masimulizi haya haitokani na swali la nini kitatokea, kwani kwa kawaida hakitokei kitu. Hutokana na kuahirishwa. Msikilizaji huambiwa kwamba yote yanajulikana na kwamba hakuna litakalosemwa. Kwa upande wa fani huu ni ufundi usiofaa kubezwa, kwa sababu simulizi lisilofikia kilele ni gumu mno kukanushwa.

Utanzu huu una nasaba ndefu. Enzi za ukoloni wakazi wa Nairobi na Kampala walisimuliana habari za wazimamoto, waliosemekana kuwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Pwani walijulikana kama mumiani. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alikataa kuyacheka masimulizi hayo, akayasoma kama ushahidi wa jinsi watu walivyofikiri kuhusu kazi, dawa na mamlaka ya serikali. Kwa mhakiki wa Kiswahili, jambo la kuzingatia ni kwamba maliasili ya kwanza kugombewa katika masimulizi haya ilikuwa mwili wenyewe. Dhahabu na kobalti zilikuja baadaye zikairithi nafasi ya damu: kitu kilichomo ndani, kisichoonekana, ambacho mgeni anaijua bei yake kuliko mwenyeji.

Na isidhaniwe kwamba Kianda iko mbali na mashindano ya madola. Kibera nzima ni zao la mashindano hayo. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua askari Wasudani waliokuwa wamesalia wa jeshi la Emin Pasha, akawaleta Uganda, wakati ambapo Uingereza ilihofia kwamba dola jingine likishika chimbuko la Nile litakuwa limeishika Misri kooni. Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, na ambayo njia yake ya kwenda magharibi inaikata Kibera, ilizaliwa katika hofu hiyohiyo. Askari hao na wenzao wa King's African Rifles ndio waliopewa makao katika msitu waliouita kwa Kinubi kibra, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 likatangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi. Wazao wao walingoja hadi 2017 kupata hati ya ardhi, nayo ilikuwa ya ekari 288. Robinson na Gallagher, katika kitabu chao cha 1961, waliueleza ugawanyaji wa Afrika kwa kutazama fikra za watawala wachache wa London walioiwaza Nile na Misri. Hiyo ni nadharia ya kitaaluma, yenye tanbihi na marejeo. Lakini umbo lake halitofautiani sana na lile la kibanda cha chai. Kuna wakubwa wachache chumbani, kuna maji ya mbali, na kuna mamilioni ya watu wasiotajwa. Wasomi wasiwe wepesi wa kuwacheka vinyozi.

Tukio lililovuruga kabisa mpaka kati ya uvumi na hati ni lile la Goldenberg. Mwaka 1990 kampuni ya Goldenberg International ilipewa haki ya pekee ya kuuza nje dhahabu na vito vya almasi, na baadaye serikali ikawa inailipa fidia ya asilimia 35 ya thamani ya mauzo, ilhali kiwango cha kisheria kilikuwa asilimia 20. Kenya ilikuwa na dhahabu kidogo sana, na haikuwa na mgodi wa almasi. Pale ambapo dhahabu ilikuwapo, sehemu yake kubwa ilikuwa ya magendo kutoka Zaire. Pale ambapo haikuwapo, zilikuwapo fomu. Wafadhili walisimamisha misaada Novemba 1991, uchaguzi wa vyama vingi ukafuata Desemba 1992, na serikali ilikuwa na kiu ya fedha za kigeni. Mwaka 2003 iliundwa Tume ya Jaji Bosire kuchunguza kadhia hiyo, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2006.

Kwa mtazamo wa kifasihi, hapa kuna kinaya kikubwa. Fomu za mauzo zilikuwa kazi ya kubuni: zilikuwa na mandhari ya ng'ambo, zilikuwa na uzito wa dhahabu, zilikuwa na tarehe, mihuri na saini, na zilieleza matendo ambayo hayakutendeka. Wakati huohuo uvumi wa mitaani, ambao haukuwa na muhuri wowote, ulikuwa ukisema kwamba dhahabu hiyo haipo. Hati ilidanganya, tetesi ikasema kweli. Mhakiki aliyefunzwa kuithamini maandishi kuliko sauti hana budi kusimama hapa kwa muda.

Lakini uvumi uliosema kweli kuhusu dhahabu haukujua jinsi kweli hiyo ilivyotoka. Masimulizi ya njama yangetaka itoke juu: mkubwa amsaliti mkubwa, au ubalozi uachie siri kwa wakati unaoufaa. Haikuwa hivyo. Mmoja wa waliozitoa hati hizo alikuwa David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya, ambaye kazi yake ilimpitishia karatasi za malipo mkononi. Aliona hesabu haziingiliani, akazifikisha kwa wabunge wa upinzani, na zikafika bungeni mwaka 1993. Alikamatwa, akapoteza kazi, na akafa mwaka 2006 akiwa hana mali. Billy Kahora ameandika kitabu juu ya maisha yake. Katika kibanda cha chai, hata hivyo, simulizi la Goldenberg husimuliwa bila karani. Kuna rais, kuna tajiri, kuna majasusi, kuna Zaire. Aliyeifungua hadithi haimo ndani ya hadithi.

Si vibanda vya chai peke yake vilivyo na upofu huu. Riwaya ya John le Carré, The Constant Gardener, iliyotoka 2001, ikatengenezwa filamu mwaka 2005 iliyopigwa picha Kibera kwenyewe, inasimulia kampuni ya dawa inayojaribia wagonjwa maskini wa Kenya dawa ya kifua kikuu, huku maafisa wa Uingereza wakiifunika kashfa kwa maslahi ya biashara. Ghadhabu ya mwandishi ni ya kweli. Na bado, wagonjwa wa Kibera wamo humo kama miili: wanadungwa sindano, wanakufa, wanafutwa katika orodha. Anayechunguza ni Mwingereza, anayeficha ni Mwingereza, na katika filamu barua inayofichua yote inasomwa kwa sauti ndani ya kanisa huko London. Ni simulizi la mumiani lililosimuliwa kutoka upande wa pili wa sindano. Kibera imebaki mandhari, tena mandhari mazuri kwa kamera.

Tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani (2001), inafaa kulinganishwa nayo, ingawa Butangi ni nchi ya kubuni. Hapa pia kuna mtawala, Mtemi Bokono, na kuna maliasili, yaani maji. Lakini Mwelusi, mtetezi wa haki, hauawi na mkono mrefu usioonekana. Anauawa na Gege, ndugu yake mwenyewe, aliyeahidiwa kumwoa Alida, binti wa mtawala. Mtunzi amelishusha swali la kushikwa pabaya kutoka ikulu hadi nyumbani. Gege hakushikwa kwa siri. Ameshikwa kwa tamaa ya mahali pazuri pa kukaa, jambo ambalo msomaji yeyote analielewa na, kwa bahati mbaya, analiona karibu naye. Usawiri huu unatia hofu kuliko majasusi wote wa Le Carré, kwa sababu unaonyesha utawala ukishikiliwa na watu ambao wangeweza kukataa.

Itajibiwa kwamba uvumi ni silaha ya wasio na silaha nyingine. Hoja hiyo ni nzito. Waziri Robert Ouko aliuawa Februari 1990, na tume iliyochunguza kifo chake ikavunjwa na rais Novemba 1991 kabla ya kumaliza kazi. Cohen na Odhiambo, katika kitabu chao cha 2004, walionyesha jinsi maarifa kuhusu kifo hicho yalivyojengwa na kuvurugwa wakati mmoja. Na Grace Musila, akiandika mwaka 2015 juu ya kifo cha Julie Ward katika Maasai Mara mwaka 1988, aliuchukulia uvumi kama njia ya kujua ambayo dola haikuweza kuidhibiti. Ni kweli. Mahali ambapo faili limefungwa, tetesi ndiyo maktaba. Ila maktaba hiyo nayo ina mpangilio wake wa vitabu, na katika mpangilio huo makarani, madereva, walinzi na wapishi wamewekwa rafu ya chini kabisa, ilhali katika kesi zenyewe mara nyingi wao ndio walioona.

Hali ya sasa imeuongezea utanzu huu tatizo jipya. Tarehe 27 Juni 2025 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Rwanda zilitia saini mkataba wa amani mjini Washington, na Marekani haikuficha kwamba inayataka madini ya Kongo, ambako kampuni za China zina sehemu kubwa ya migodi ya kobalti. Kilichokuwa siri ya msimulizi kilitamkwa jukwaani mbele ya kamera. Masimulizi ya njama hayajui la kufanya na jambo lililotangazwa, kwa hiyo hulikimbia na kutafuta siri nyingine nyuma yake.

Kwa sababu hiyohiyo hayasemi mengi kuhusu Kianda yenyewe. Tangu 1984, Philip Amis alipochapisha utafiti wake juu ya nyumba za kupanga katika vitongoji vya Nairobi, inajulikana kwamba vyumba vya udongo na mabati vilikuwa biashara yenye faida kubwa, na kwamba miongoni mwa wamiliki wake walikuwamo watu wenye vyeo serikalini. Hapo kuna wakubwa, kuna ardhi ya umma, kuna mshiko. Kinachokosekana ni siri. Kila mwezi mkusanyaji kodi hupita mlango kwa mlango na daftari lake. Naye kwa kawaida si mwenye nyumba, bali mpangaji mwenzao. Katika masimulizi yanayosikika kwenye foleni ya maji, hatua chache kutoka mlango wake, huyo naye hajaingia bado.