Kongole kwa Wakuza Fuwele

Mungaa, kama sehemu kubwa ya Singida, ni nchi ya mawe ya graniti. Ukilivunja jiwe na kuligeuzageuza juani, baadhi ya chembe zinazomeremeta ni fuwele za kwazi, zilizoumbika taratibu ndani ya ardhi. Wapo mafundi wanaokuza fuwele maabarani, nao wanastahili pongezi.

Mwaka 1902, Auguste Verneuil wa Ufaransa alitangaza njia ya kukuza rubi kwa kuyeyusha unga wa alumina kwenye moto mkali. Wekundu ulitokana na kromiamu kidogo, ile ile inayoipa rangi rubi ya Longido. Mwaka 1960, Theodore Maiman wa Marekani alitumia kijiti cha rubi ya maabara kuwasha leza ya kwanza.

Kazi ngumu zaidi ni kuzipa nguvu fuwele laini. Kloridi ya potasiamu, ndugu wa chumvi ya mezani, hupitisha vizuri mwanga wa leza ya kaboni dayoksaidi, lakini hukwaruzika upesi. Fundi huichanganya na strontiamu kidogo mno ikiwa bado imeyeyuka. Atomi hizo ngeni huvuruga mpangilio na kuzuia safu za atomi zisiteleze zinapokandamizwa, kama kabari chini ya gurudumu. Fuwele inakuwa ngumu, na mwanga unaendelea kupita.

Umahiri uko kwenye kipimo. Strontiamu ikizidi, hujikusanya vidongevidonge na kutawanya mwanga. Fuwele ikipozwa haraka, hupasuka. Kwa subira hiyo, hongera zao!