Tofali Linalolia

Marehemu baba mdogo alikuwa mwashi, Tanga, na hakukubali tofali kabla ya kuligonga. Alilipakata kiganjani, akaligonga kwa mpini wa mwiko, akatega sikio kama mama anayechagua chungu sokoni. Likilia ngii, linakaa upande wa ukuta. Likisema pu, linarudi kwa mwenyewe, wala hakuna mjadala. Nimerithi kwake timazi ya shaba iliyoviringishiwa uzi mweusi, na tabia moja isiyoniletea faida: kila mji ninaofika, natazama kuta kwanza, watu baadaye.

Tabia hiyo ilinichelewesha miadi mara mbili huko Hamburg, katika mtaa wa maghala wanaouita Speicherstadt. Ni safu ya maghala mekundu yenye urefu wa kilomita moja na nusu hivi, yaliyosimama kando ya mifereji ya mto Elbe, juu ya nguzo za mwaloni zilizokitwa topeni. Ghala lina mlango wa barabarani na mlango wa majini. Bahari yenyewe iko mbali, kilomita 100 hivi, lakini maji hapo yanakupwa na kujaa kwa zaidi ya mita 3. Mtu wa pwani akisimama darajani hahitaji kuelezwa kwa nini mashua zilikuwa zikisubiri. Mzigo ulivutwa kwa winchi kutoka juu kabisa, chini ya paa, ukaingizwa kwenye ghorofa yake: kahawa, kakao, chai, viungo, na baadaye mazulia ya Uajemi. Kuta nene zilikuwa na kazi ya kuzuia joto na baridi visiuharibu.

Ujenzi ulianza mwaka 1883. Hamburg ilikuwa inaingia katika eneo la ushuru la Ujerumani, na wafanyabiashara wake walitaka pahala pa kuweka bidhaa bila kutozwa. Wakapewa. Watu wanaokaribia 20,000 wakahamishwa, nyumba zao zikabomolewa, na mwaka 1888 Kaisari Wilhelm II akaja kufungua kazi ambayo ilikuwa haijakwisha. Sehemu ya mwisho ilimalizika mwaka 1927. Mhandisi mkuu, Franz Andreas Meyer, anatajwa hadi leo. Jina la mwashi sikuliona limechongwa popote.

Lakini simama kwenye pembe moja ya ghala, karibu kiasi cha kuweza kuigusa. Matofali ya pembeni yamepinda kama bega. Hayakukatwa kwa nyundo. Yalifinyangwa hivyo yangali udongo mbichi, ndipo yakachomwa, na utajua kwa sababu ngozi ya moto imelifunika pindo lote bila kidonda. Juu yake unapita mkanda wa matofali ya kijani yenye kung'aa, kisha tao la dirisha, kisha, huko juu kabisa, mnara mdogo wenye ncha. Mnara! Gunia la kahawa lina haja gani na mnara? Mwashi aliyepanda jukwaani na baridi ya huko, mikono imekufa ganzi, akapanga kila tofali la mnara ule sawa na la mlangoni, huyo hakuwa anajenga stoo tu.

Tofali moja limelala ubavu, linalofuata limeonyesha kichwa, tena ubavu, tena kichwa. Nilihesabu mpaka nikapotea. Kazi ya namna hii haina pa kujificha, kwa kuwa plasta haipo. Kule kwetu fundi mvivu huokolewa na lipu.

Wageni huuliza sanamu. Zipo, na nyingine ni nzuri. Ukivuka kuelekea mjini utafika Chilehaus, jengo la Fritz Höger lililojengwa kati ya 1922 na 1924 kwa matofali milioni 4.8, lenye ncha kali kama gubeti ya jahazi, na kondori, yule ndege mkubwa wa milima ya Andes, amekaa kwenye ncha hiyo. Mwenye jengo alitajirika kwa chumvi ya shura kutoka Chile. Matofali yake hayafanani: haya zambarau, yale kahawia, mengine karibu meusi. Jua la jioni likiyapiga, ukuta mzima unachemka. Kondori simkumbuki vizuri.

Mji huo ulikuwa na sanamu nyingine inayotuhusu sisi zaidi. Hermann von Wissmann, aliyeiongoza vita ya Wajerumani dhidi ya Abushiri na watu wa pwani yetu, alisimamishwa kwa shaba Dar es Salaam, na askari mweusi chini yake akimtazama. Waingereza wakamng'oa, wakampeleka kwao, kisha akaishia Hamburg, mbele ya chuo kikuu, mwaka 1922. Wanafunzi wakamwangusha mwaka 1967. Akarudishwa. Wakamwangusha tena mwaka 1968, na safari hiyo akabaki chini. Siwalaumu hata kidogo.

Maghala nayo yaliangushwa. Mabomu ya Vita ya Pili yaliharibu karibu nusu ya mtaa, na mbunifu Werner Kallmorgen ndiye aliyepewa kazi ya kuurudisha. Hapa ndipo miadi yangu ilipoharibikia. Unatembea kando ya mfereji, ukuta umejaa matao na mapambo. Ghafla mapambo yanakoma, na ukuta unaendelea, mwekundu uleule, kimo kilekile, lakini umenyooka, hauna kilemba. Hawakuiga minara wakajifanya hakuna kilichotokea. Wala hawakuleta kitu cha kigeni cha kumdhihaki aliyetangulia. Siku hizi watalii hupiga picha ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie, uliofunguliwa mwaka 2017, wimbi la kioo lililopandishwa juu ya ghala la zamani la kakao. Ghala hilo la chini, la matofali, ni la Kallmorgen huyohuyo.

UNESCO iliuandika mtaa huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2015. Ndani sasa kuna ofisi, makumbusho, migahawa. Katika jumba moja la viungo nilinusa karafuu, nikamkumbuka Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyefika mji huu mwaka 1867 na mumewe, mfanyabiashara wa hapo aliyekuwa Unguja. Alipofika, matofali haya yalikuwa bado udongo.

Siku ya mwisho nilimkuta mwashi akikarabati ukuta. Alikuwa anakwangua maungio ya zamani, taratibu, kwa kitu chembamba mfano wa patasi, kisha anajaza kutoka kwenye ndoo yenye chokaa nyeupe-nyeupe. Nilifurahi kuiona. Saruji tupu ikiwa ngumu kuliko tofali hulipasua tofali. Chokaa hukubali kuumia kwanza. Kando yake palikuwa na rundo la matofali ya kubadilishia. Akachukua moja, akalipakata kiganjani, akaligonga kwa mpini wa mwiko, akatega sikio. Likalia, akaliweka. La pili akalitupa kwenye toroli.

Nikaliokota. Akanitazama bila kusema kitu. Nikaligonga kwa kifundo cha kidole.

Pu.